Upanga wa Sentimita 17 na Shilingi 430,000 Zangu

Upanga huo, nakala ndogo ya silaha ya gemu ya video, ulifika Kampala mwezi wa Aprili, wakati mvua zilipokuwa zimeshika kasi, ukiwa ndani ya boksi lililolowa pembe moja. Tangazo lilisema una urefu wa sentimita 17, kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu na unene kwa usahihi, ilikuja kusema 16.8, na mfuko wangu ulikuwa umekwisha kusema shilingi 430,000. Kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari hizo si fedha za kuchezea, na ninakiri kwamba mke wangu alielezwa kiasi kamili baada ya miezi miwili, kwa awamu.

Ninaandika haya kwa sababu vijana kadhaa wameniuliza namna ya kutambua kama nakala ndogo ya silaha ya gemu inastahili kununuliwa na kuhifadhiwa. Nimeona ni vyema nieleze nilivyokosea kwa mpangilio wa matukio yenyewe, kwani nilikosea kwa mpangilio pia.

Nilikulia Busia, na nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka 2003, kaka wa rafiki yangu alirudi kutoka Nairobi na PlayStation na gemu ya Final Fantasy VII, ambayo ilikuja katika diski tatu. Vibanda vya gemu vya mtaani vilikuwa na gemu za mpira wa miguu tu, unalipia mechi moja na kuondoka. Gemu hii ilitaka mtu awe na nyumba, subira na kadi ya kuhifadhia kumbukumbu. Kampuni ya Square iliitoa Japani mwezi Januari 1997. Mhusika wake mkuu, Cloud Strife, huanza safari akiwa na upanga mpana kama ubao wa mlango, unaoitwa Buster Sword, wenye makali upande mmoja na matundu mawili karibu na mpini. Ndani ya gemu, silaha hiyo huwa na nafasi mbili za kuwekea materia, zile tufe zinazompa mpiganaji uwezo wa kichawi. Mchezaji hupata silaha zenye nguvu zaidi mapema sana, lakini ule wa kwanza ndio unaobaki machoni. Kwa hiyo, nilipouona mfano wake mdogo ukiuzwa kwenye mtandao miaka mingi baadaye, sikuwa mnunuzi bali kijana wa kidato cha tatu aliyepewa mshahara.

Muuzaji alikuwa ng'ambo. Aliandika kwamba kitu hicho ni toleo la kwanza la mwaka 1997, kimetengenezwa kwa chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, na kina leseni halali ya wenye gemu. Aliweka picha tatu, mojawapo ikiwa imepigwa kwa mbali kiasi kwamba upanga ungeweza kuwa kijiko. Mimi nilimwuliza swali moja tu: je, unaweza kuutuma Uganda? Akajibu kwamba anaweza, nami nikalipa dola 48, yaani takribani shilingi 180,000 kwa wakati huo, pamoja na gharama ya usafirishaji iliyofika shilingi 109,000.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hulisahau. Ushuru wa forodha haukokotolewi kwa bei ya kitu peke yake, bali kwa bei pamoja na usafirishaji na bima; kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Uganda ni asilimia 18, hukokotolewa juu ya jumla hiyo ikiwa imekwisha kuongezwa ushuru. Nilipojumlisha kila kitu pamoja na ada ndogondogo, nilitoa shilingi 141,000 kabla hata sijaushika upanga mkononi. Tena nilichelewa kuuchukua kwa siku tisa kwa sababu sikuwa nimechapisha risiti ya malipo, kosa ambalo ni langu peke yangu. Muuzaji naye alikuwa ameandika kwenye karatasi ya mzigo neno moja tu, "upanga". Ofisa aliyenihudumia aliisoma, akaniangalia, akaangalia kile kifurushi kilichokuwa kifupi kuliko rula, akaniomba kwa adabu nifungue. "Mzee, ndio huu?" aliuliza. Nilimwambia ndio huu. Siku hizi huwa ninamwomba muuzaji aandike maelezo kamili na ya kweli: pambo la madini, urefu wake kwa sentimita, halina makali. Wapo wanaomwomba muuzaji aandike bei ya chini au aseme ni zawadi. Mbali na kwamba huo ni udanganyifu wa kodi, mzigo ukipotea hutaweza kudai zaidi ya kile kilichoandikwa.

Usiku ule nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniumiza kuliko fedha. Ubao wa upanga ulikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na katika mifereji yake kulikuwa na weusi kama wa masizi. Mimi, niliyelelewa na mama ambaye hakuvumilia sufuria chafu, nilichukua dawa ya kung'arishia vyombo na kitambaa cha pamba nikausugua kwa dakika ishirini. Weusi ulitoka. Kijivu nacho kikatoka, na ukingoni mwa ubao ikajitokeza rangi nyekundu nyekundu kama ya senti ya zamani. Niliyokuwa nikiisugua haikuwa taka. Ilikuwa rangi iliyopakwa kiwandani kwa makusudi ili upanga uonekane umepitia vita. Wakusanyaji wa sarafu wanalijua jambo hili tangu zamani, kwamba sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sheria hiyo inaihusu hata silaha ya gemu. Kukipangusa kitu vumbi kwa brashi laini iliyo kavu kunatosha. Boksi lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limelowa, lilitumika kuwashia jiko asubuhi yake, na hivyo nikawa nimeharibu vitu viwili kati ya vitatu vinavyotazamwa na mkusanyaji yeyote makini.

Cha tatu ni alama, na alama ilisomwa na mpwa wangu.

Alikuja siku ya Jumapili, naye wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita. Nilimkabidhi upanga kwa majivuno ya mtu mwenye kitu cha kale. Akaugeuza, akausogeza dirishani, akasoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya mpini.

"Mjomba, hiki si cha mwaka 97."

"Nani kakwambia? Si unaona imeandikwa 1997?"

"Imeandikwa 1997 halafu ikaandikwa Square Enix. Mjomba, mwaka 97 kampuni ilikuwa Square tu."

Alikuwa sahihi. Square iliungana na Enix tarehe 1 Aprili 2003, na kabla ya siku hiyo jina hilo la pamoja halikuwepo duniani, kwa hiyo hakuna kitu kilichotengenezwa mwaka 1997 ambacho kingeweza kulibeba. Mwaka unaoandikwa kando ya alama ya hakimiliki, nilikuja kuelewa, huwa ni mwaka wa kazi yenyewe, yaani gemu, wala si mwaka ambao kile kipande kilitoka kiwandani. Kifaa halali kilichotengenezwa baada ya gemu hiyo kutolewa upya mwaka 2020 kinaweza kabisa kuwa na tarakimu 1997 juu yake. Muuzaji aliusoma mwaka akauita umri wa kitu, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Aidha, jina la kampuni likiwepo halithibitishi leseni, kwani anayeweza kunakili upanga mzima hashindwi kunakili herufi kumi.

Sikulala vizuri. Kulipopambazuka nilikuwa nimeamua kukagua dai la pili, lile la chuma cha pua, na hapa somo la fizikia nililolichukia shuleni lilinilipa deni lake. Nilianza na sumaku, ambayo haikuushika upanga hata kidogo. Nilishangilia mapema mno kwamba nimemkamata mwongo, mpaka mwalimu mwenzangu wa sayansi aliponieleza kwamba aina nyingi za chuma cha pua hazivutwi na sumaku vilevile, kwa hiyo sumaku pekee haitoi hukumu. Alinishauri nitafute densiti, yaani gramu za kitu kwa kila sentimita moja ya ujazo wake.

Mke wangu huoka keki za kuuza, na ana mizani inayosoma hadi gramu moja. Upanga ulikuwa na gramu 132. Kisha nilichukua jagi refu la juisi, nikalijaza maji, nikaliweka juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri, halafu nikauning'iniza upanga kwa uzi hadi ukazama wote bila kugusa chini wala ubavuni. Gramu ambazo mizani huongeza wakati huo ni sawa na ujazo wa kitu kwa sentimita za ujazo. Iliongeza 20. Ukigawanya 132 kwa 20 unapata 6.6, na hiyo ndiyo densiti ya aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na madini mengine, ambayo vitu vingi vidogo vya namna hii humiminwa kwayo. Chuma cha pua kingekuwa karibu na 7.8 au zaidi kidogo, na alumini ingekuwa 2.7. Mke wangu aliingia jikoni wakati huohuo, akanikuta nimeinama juu ya jagi nikishikilia uzi kama mvuvi.

"Mwalimu," alisema, "hilo jagi ni la wageni."

Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinapaswa kufanywa kwa kitu kilicho wazi, kisicho na gundi wala kitambaa. Mpini wa upanga wangu ulikuwa umezungushiwa uzi uliogandishwa, maji yakaingia chini yake, na baada ya wiki tatu ikatokea unga mweupe kwenye maungio. Hiyo ni kutu ya zinki. Nilikuwa nimepata jibu kwa kuongeza jeraha, na kama ningemwomba muuzaji anipimie uzito kabla ya kununua, ningekuwa nimeokoa nusu ya safari.

Bado nilikuwa na tumaini dogo kwamba labda ni kitu halali ambacho muuzaji amekieleza vibaya tu. Nikaubeba hadi Katwe, ambako mafundi humimina alumini na kutengeneza sufuria, kwa mzee mmoja ambaye shule yetu hununua kwake masufuria ya jikoni. Hajawahi kushika kidude cha gemu maishani mwake. Niliusalimia umri wake kwanza, tukazungumza habari za mvua na bei ya vyuma chakavu, ndipo nikauweka upanga kiganjani mwake.

Aliupitisha ukucha ukingoni mara moja. "Mwanangu, waliokuuzia walisema ni nini?"

"Chuma cha pua, mzee."

"Chuma cha pua hakivalishwi shaba ndani ili kipate kung'aa. Hii nyekundu uliyoifichua ni shaba, na juu yake walitia nikeli." Kisha akanielekeza mahali ambapo mwanga wa jua uliangukia ubao kwa mshazari, nami nikaona mistari miembamba iliyojikunja kama mawimbi ambayo sikuwa nimeiona kwa majuma kadhaa. "Hapa madini yalikutana kutoka pande mbili yakiwa yamekwisha kupoa, hayakushikana vizuri. Na hapa," aligusa vipele viwili vidogo, "hewa ilinaswa chini ya ngozi. Mtu aliyetengeneza hiki alikuwa na haraka."

Alinionyesha pia mshono wa kalibu, ule mstari unaobaki mahali ambapo nusu mbili za kalibu, yaani umbo la kumiminia madini, hukutana, ambao kwenye kazi nzuri hupigwa msasa hadi usionekane, na kwangu ulikuwa umeachwa wazi ubavuni mwa mpini wote. Alama zilizopaswa kuwa na pembe kali zilikuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Alisema hilo hutokea kalibu ikitengenezwa kwa kuchukua umbo la kitu kilichomiminwa tayari, badala ya umbo la asili, na kwamba kila nakala ya nakala hupungua kidogo kwa sababu madini husinyaa yanapopoa. Nilikumbuka zile milimita mbili zilizopungua kwenye kalipa. Siwezi kuapa kwamba ndizo, lakini sikuhitaji kiapo tena.

Aliporudisha upanga aliuliza, "Kinakata nini?"

"Hakikati kitu, mzee."

"Basi bei yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu, nikamnunulia soda. Swali hilo nilirudi nalo nyumbani kwenye teksi iliyojaa, na ndilo lililonifanya nitafute, kwa mara ya kwanza, bei halisi. Nilikuwa nimezoea kutazama bei zinazotangazwa, na kila mtu anaweza kutangaza anachotaka. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, kuna uwezo wa kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, na pale ndipo ukweli hukaa. Vitu vilivyofanana na changu vilitangazwa kwa dola 50 na zaidi, lakini vile vilivyopata mnunuzi vilikuwa vimeuzwa kati ya dola 9 na 15. Tena hizo ni bei za watu wanaotumiana mizigo ndani ya nchi moja. Mtu wa Tokyo au Chicago hatalipa gharama ya kutumiwa kitu kutoka Kampala wakati kipo jirani yake, kwa hiyo soko langu halisi ni watu wachache wa mjini hapa na wengine wa Nairobi, ambao huenda nawafahamu wote. Anayeniambia kwamba ananunua vitu hivi kama akiba ya uzeeni huwa ninamsikiliza kwa heshima na kumwuliza atamwuzia nani.

Kuhusu uwiano, nao ni ushahidi ambao hauhitaji fedha. Ukubwa unaweza kubadilika kadiri mtengenezaji apendavyo, lakini upana wa ubao kulinganisha na urefu wake haupaswi kubadilika. Nilisimamisha gemu upanga ukiwa umekaa wima, nikapima kwa rula juu ya kioo cha televisheni, na kugundua kwamba wangu ulikuwa mwembamba kuliko inavyostahili, na yale matundu mawili yalikuwa vishimo tu visivyotoboka. Kwa silaha zilizoigwa kutoka kwenye bunduki za kweli kazi ni rahisi zaidi. Vibanio vya funguo vyenye umbo la bunduki za PUBG, gemu ya kupigana kwa risasi, vimejaa madukani huku mjini, na vingine huandikwa kuwa ni moja ya sita ya kitu halisi. Bunduki ya Kar98k ina urefu wa milimita 1,110, kwa hiyo moja ya sita yake inapaswa kuwa sentimita 18.5. Niliyopima Kikuubo ilikuwa 16, na muuzaji, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alinieleza kwamba hiyo ni "ya mtoto".

Mimi bunduki ndogo sizikusanyi, na sababu yake si ya kisanii. Huku kwetu, tangu milipuko ya Julai 2010, mikoba hukaguliwa milangoni mwa majengo makubwa, na askari mwenye silaha halisi begani si mtu wa kumweleza historia ya gemu. Hata upanga wangu ulinichelewesha siku moja nilipousahau ndani ya begi la vitabu. Kifaa cha kukagulia kililia, na ikabidi niwaonyeshe watu saba waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni kwamba mwalimu huyu anatembea na kijipanga. Ukitaka kusafirisha kitu cha aina hiyo, kifunge kwenye boksi lake, beba na risiti, na usikitoe hadharani kwa mbwembwe.

Miezi minane baadaye nilinunua upanga wa pili. Safari hii nilikataa mara mbili kabla ya kukubali, jambo ambalo lilinipa raha ambayo sikuitarajia. Muuzaji wa kwanza kukataliwa alishindwa kunitumia picha ya upanga ukiwa juu ya rula. Wa pili aliituma, ila alipoombwa uzito akawa mkali, na mkusanyaji wa kweli hakasiriki anapoulizwa gramu. Wa tatu alikuwa mtu wa Nairobi aliyepiga picha za boksi pande zote sita, alama ikiwa imesomeka, mshono wa kalibu kwa karibu, na kasoro moja ya rangi ambayo mimi nisingeiona kama asingeniambia. Nilimlipa shilingi za Kenya zilizokuwa sawa na dola 40, ukaja na mtu aliyekuwa anasafiri kwa basi kuja Kampala. Nilikwenda kuupokea stendi asubuhi na mapema, nikaukagua chini ya taa ya kibanda cha chai kabla ya kumshukuru mleta mzigo, naye alisubiri huku akinicheka.

Huo umekaa kwenye kabati la vioo mbali na dirisha, kwa sababu jua la hapa hufifisha rangi, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu ambavyo hupatikana bure ndani ya maboksi ya viatu. Huwa ninavibadilisha kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Kila mwezi ninautazama kwa kioo cha kukuzia nikitafuta nyufa na uvimbe, maana zinki iliyochanganyika na madini ya risasi huoza kutoka ndani. Wataalamu waliugundua ugonjwa huo mwaka 1923, na vigari vingi vya kuchezea vya miaka ya 1930 vilikatika vipande kwa sababu yake. Aloi safi za siku hizi haziugui hivyo, lakini nakala iliyomiminwa kwa haraka na mtu asiyejulikana, nani ajuaye alichanganya nini.

Ule wa kwanza sikuutupa. Mtu mmoja alitaka kunipa shilingi 50,000 baada ya kuuona, nikamwonyesha kadi niliyoiandika na kuifunga kwa uzi kwenye mpini wake: sentimita 16.8, gramu 132, zinki, hauna leseni, rangi iliondolewa na mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akateremka hadi 20,000, nami nikaghairi kuuza. Umebaki kwenye droo ya meza yangu pamoja na kalipa, na kila mpwa wangu anapoleta kitu kipya alichokiona mahali, tunakilaza kando yake juu ya karatasi nyeupe, tunawasha taa kwa mshazari, na kuanza kutafuta mawimbi.